Mchapaji, mchapishaji na msanii wa chapa: Nani hufanya kazi ipi?

MWALIMU mmoja wa shule ya upili katika eneo la Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, ameniandikia swali ambalo limenikaa kichwani majuma mawili sasa. Anasema yeye ni mwalimu wa Kiswahili, lakini kwa uhaba wa walimu ametwikwa pia somo la sanaa. Mwanafunzi wake alichonga umbo la ngamia kwenye kipande cha ubao, akakipaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa mwiko. Akatoa picha kumi na mbili. Zilipofika kwenye maonyesho ya wanafunzi, mwamuzi mmoja alizirudisha akisema hizo ni nakala na kwamba yeye alitaka kazi asilia. Mwalimu anauliza: mtu anayefanya kazi ya aina hii anaitwaje kwa Kiswahili? Na je, mwamuzi alisema kweli?

Nianze na swali la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: mwamuzi alikosea. Swali la kwanza ndilo refu, na kwa maoni yangu ndilo lililompotosha. Tunapokosa jina la kazi, tunaipa jina la kazi jirani, halafu tunaihukumu kwa kanuni za huyo jirani.

Neno chapa tumelipata kutoka Kihindi, ambako chhap ni alama inayobaki baada ya kitu kubonyezwa juu ya kingine. Humu mwetu limezaa watoto wengi. Kuna chapa ya kitabu, ya kwanza, ya pili na kuendelea. Kuna chapa ya biashara: nyumba ya Kaderdina Hajee Essak pale Mombasa imeuza kanga tangu 1887, na wanawake wa pwani huitambua kanga yake kwa maneno Mali ya Abdulla yaliyo kwenye kitambaa. Lakini mtu wa Garbatulla hahitaji kwenda Mombasa wala kufungua kamusi ili ajue chapa ni nini. Ameiona kwenye shingo au paja la ngamia tangu utotoni. Chuma hutiwa motoni, kikaguswa kwenye ngozi kwa muda ambao mchungaji anaujua mkononi mwake: ukizidi, kidonda kinaharibika; ukipungua, alama inafutika na manyoya mapya. Alama hiyo ni ya ukoo, si ya mtu mmoja tu. Mwanaanthropolojia Günther Schlee, katika kitabu chake Identities on the Move cha 1989 kuhusu koo za kaskazini mwa Kenya, anazihesabu chapa za ngamia miongoni mwa dalili za undugu wa koo zinazovuka mipaka ya makabila.

Hapo pana tofauti moja ningependa msomaji aishike. Mchungaji mara nyingi hutumia chuma kama kalamu, akavuta mstari mmoja baada ya mwingine juu ya ngozi. Msanii tunayemzungumzia hubonyeza umbo zima kwa mara moja. Ni tofauti ndogo kuitaja, lakini shida nusu ya kazi yake inatoka hapo, kama tutakavyoona.

Sasa tugeukie kitenzi. Kuchapa, kwa maana ya kutoa alama za wino, kuna mnyambuliko wake wa kutendesha: kuchapisha. Mchapaji ni anayechapa. Mchapishaji ni anayesababisha kitu kichapwe. Ndiyo maana kampuni ya vitabu huitwa mchapishaji hata kama haina mtambo hata mmoja. Inahariri, inagharamia, inasambaza, na kazi ya wino inapelekwa kwingine. Huyo wa kwingine ni mpigachapa, na mahali pake pa kazi ni matbaa. Sultani Barghash wa Zanzibar (1870–1888) alikuwa na matbaa yake, na wamisheni wa UMCA nao walikuwa na mtambo Kiungani, ambako kuanzia 1888 walichapa jarida la Msimulizi. Baadaye mashine za taipu zikaingia maofisini na mchapaji akawa karani wa kupiga barua za bosi. Siku hizi hata huyo karani hasikiki sana. Mtu husema tu, 'Naenda saiba kuprinti.'

Basi msanii wetu hana kiti katika chumba hicho. Si mchapishaji, kwa sababu hamsababishii mtu mwingine. Si mpigachapa, kwa sababu mpigachapa hupokea kazi iliyotungwa na mwenzake, akaitoa jinsi ilivyo. Huyu anatunga picha, anaandaa ubao au bamba, anachanganya wino, anachagua karatasi, anabonyeza, anahesabu na kutia sahihi. Napendekeza tumwite msanii wa chapa, na yule ambaye chombo chake ni ubao na patasi tumwite mchongachapa. Kuna mwenzangu mmoja chuoni anayeshikilia 'mchapasanaa'. Mimi nikilisikia namwona mtu ameshika kiboko akiitandika sanaa.

Jina peke yake halitoshi, kwa hivyo tuingie karakanani.

Kazi huanza na kuona kinyume. Ukibonyeza ubao kwenye karatasi, kulia kunakuwa kushoto. Ngamia aliyechongwa akielekea Isiolo atatokea kwenye karatasi akielekea Modogashe. Ngamia mwenyewe hajali, lakini herufi zinajali sana. Mwanafunzi anayeandika jina lake ubaoni jinsi anavyoliandika daftarini atalipata limepinduka. Akiwa na bahati ya kuitwa AMO atanusurika nusu, maanake A, M na O hazibadiliki zikigeuzwa. Kitakachomsaliti ni mpangilio. Lakini S, N na R haziwezi kusitiriwa. Dawa ya kawaida ni kuchora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, kuigeuza kifudifudi juu ya ubao, kisha kusugua mgongoni ili mchoro uhamie. Mzoefu husoma ubao kinyume bila msaada wowote, kama kinyozi anavyokunyoa huku akikutazama kiooni. Mchungaji anayevuta mistari kwa ncha ya chuma hana habari na shida hii. Yule anayefua chuma chenye umbo la herufi anaijua.

La pili ni gumu zaidi kulieleza. Fundi wa milango ya Lamu huchonga ubao ili ubao wenyewe utazamwe. Mchongachapa huchonga ubao ambao hakuna atakayeutazama, na tena huchonga mahali ambapo hapatatokea kitu. Alichokitoa kwa patasi kitabaki cheupe. Alichokiacha kitapokea wino. Anayeanza hujisahau, akachimba mstari wa mgongo wa ngamia, kisha akashangaa kuuona mweupe ndani ya giza. Si kosa, ni namna mojawapo ya kuchora, ila lazima uichague mwenyewe kabla ya patasi kugusa ubao. Ukitaka mstari mweusi, unauacha umesimama na kuondoa kila kilicho kandokando yake. Ubao ukishatoka haurudi. Hakuna raba hapa.

Vifaa vyenyewe si vingi: kisu kifupi, patasi yenye ncha ya V, na ile ya mviringo ambayo mafundi huiita bobari. Ubao una nyuzi, na patasi ikienda kinyume cha nyuzi inapasua kipande ambacho hukukusudia. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya ncha, kamwe usikae mbele. Na kifaa kinolewe kila mara, kwa sababu kifaa butu kinahitaji nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Wengi mashuleni hutumia linoleamu badala ya ubao. Ni kitu kile kile kilichokuwa kikitandikwa sakafuni, kilichotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa gamba la mti. Hakina nyuzi, hivyo patasi inakwenda upande wowote. Kwenye nchi za baridi wasanii hulipasha moto kidogo ili lilainike. Garbatulla jua linafanya kazi hiyo bure.

Jua hilo hilo linaharibu hatua inayofuata. Wino wa chapa hutandazwa kwanza kwenye kioo au bati kwa rola, hadi uwe utando mwembamba usio na mabonde. Fundi hutumia sikio kuliko jicho: wino ukiwa mzito mno rola hunata na kupiga kelele ya kubanduka, ukiwa sawa husikika mvumo mdogo, kama mafuta yanayoanza kuchemka. Wino wa maji, ambao ni rahisi na husafishika kwa sabuni, hukauka ubaoni kabla karatasi haijafika ikiwa ni saa saba mchana na upepo wa vumbi unavuma. Ushauri wangu kwa mwalimu ni kuchonga mchana na kuchapa alfajiri. Au atafute wino wa mafuta, ambao una subira, ingawa utamgharimu siku kadhaa za kuanika na chupa ya mafuta taa ya kusafishia.

Kisha kuna kubonyeza. Mashine za chapa ni ghali, na watu wengi hudhani kukosa mashine ni kukosa kazi. Wajapani waliotoa baadhi ya chapa bora za ubao zilizowahi kuonekana duniani hawakutumia mashine. Walisugua mgongo wa karatasi kwa kifaa cha duara kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Mwiko wa mti unatosha. Kinachotakiwa ni mgandamizo sawa, kutoka katikati kwenda kando, na uvumilivu wa kuinua pembe moja ya karatasi kuchungulia bila kuisogeza. Ikisogea hata unywele mmoja, ngamia atakuwa na macho manne.

Ukitaka rangi, ugumu unazidishwa. Wengine huchonga ubao mmoja kwa kila rangi na kuweka alama pembeni ili karatasi ilale mahali pale pale kila mara. Wengine hutumia ubao mmoja tu. Wanachapa rangi nyepesi kwenye karatasi zote, wanachonga zaidi, wanachapa rangi ya pili juu yake, wanachonga tena, hadi ubao unakaribia kuisha. Mganda Fred Mutebi amejulikana kwa njia hii. Ukifika rangi ya tatu huwezi kurudi kuongeza karatasi, kwa sababu ubao wa rangi ya kwanza haupo tena duniani. Idadi huamuliwa siku ya kwanza.

Nimezungumzia ubao kwa sababu ndio ulioletwa na swali, lakini zipo njia nyingine. Kuna bamba la shaba au zinki ambalo hupakwa nta, likakwaruzwa, likatiwa kwenye asidi. Humo wino hukaa ndani ya mifereji, si juu ya miinuko, na karatasi hulowanishwa ili iweze kuingia kuufuata. Na kuna chapa ya jiwe, ambayo lazima niikalie kidogo kwa sababu ina deni kwa nchi kavu kama ile ya Garbatulla.

Chapa ya jiwe iligunduliwa na Mjerumani Alois Senefelder mwishoni mwa miaka ya 1790. Jiwe la chokaa lililolainishwa huchorwa kwa kalamu yenye mafuta. Halichongwi hata kidogo. Liko bapa tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya kuchora, msanii hulipaka gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo. Gundi hiyo hushikamana na sehemu zisizochorwa na kuzifanya zipende maji. Jiwe likilowanishwa, maji hukaa kwenye weupe na kuukimbia mchoro wa mafuta. Rola ya wino wa mafuta ikipita, wino nao huyakimbia maji na kushika mchoro tu. Kwa hivyo kinachoulinda weupe wa karatasi ni utomvu wa mti.

Na mti wenyewe ni mgunga. Isiolo ni mojawapo ya kaunti za kaskazini ambako utomvu huo, wafanyabiashara huuita gamu arabiki, hukusanywa na wafugaji na kuuzwa. Wanaouokota wanajua kwamba huenda kwenye soda na peremende. Wachache wameambiwa kwamba unaingia pia kwenye uchapaji. Magazeti ya kisasa huchapwa kwa mitambo ya ofseti, mjukuu wa jiwe la Senefelder: bamba bapa la chuma, maji na mafuta yanayokimbiana, na gundi hiyo hiyo bado hutumika kulinda mabamba. Katika duksi za kaskazini pia, wino wa kuandikia aya kwenye mbao za wanafunzi umekuwa ukitengenezwa kwa makaa yaliyosagwa na maji, na utomvu wa mti ukitiwa ili ushike. Masizi na kishikizi: hiyo ndiyo kanuni ya wino mweusi tangu Uchina ya kale, ambako kitabu cha kuchapwa kwa mbao chenye tarehe, cha mwaka 868, kimehifadhiwa hadi leo. Mwalimu anayelalamika kwamba wino wa dukani haufiki Garbatulla ana malighafi nje ya darasa.

Narudi kwa mwamuzi na neno lake nakala. Nakala ni kitu kilichotokana na kingine kilichokitangulia na ambacho kinaweza kusimama bila hicho cha pili. Cheti chako kina nakala kwa sababu cheti chenyewe kipo. Je, picha ya ngamia wa yule mwanafunzi ni nakala ya nini? Si ya ubao, kwa kuwa ubao una ngamia aliyegeuka, hauna rangi, una makovu ya patasi, na haukutengenezwa ili utazamwe. Si ya mchoro wa penseli, ambao ulipotea chini ya patasi. Kabla karatasi ya kwanza haijabanduliwa, picha haikuwepo popote. Karatasi zote kumi na mbili ni asilia, jinsi mapacha walivyo watoto wote, wala hakuna anayemwita Kulwa nakala ya Doto. Nakala ingekuwa kupiga picha mojawapo kwa simu na kuitoa saiba. Hapo mwamuzi angekuwa na haki.

Historia ya sanaa hii ingekuwa fupi sana kama kila mwamuzi angekuwa kama huyu. Kifaru mashuhuri wa Albrecht Dürer, wa mwaka 1515, ni chapa ya ubao. Dürer hakuwahi kumwona kifaru. Alitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine kuhusu mnyama aliyeletwa Lisbon kutoka India, na akamwongezea kijipembe mgongoni ambacho kingewachekesha watu wa Kinna wanaopakana na Mbuga ya Meru. Kwa sababu ilikuwa chapa, picha ile ilienea Ulaya, na kwa vizazi watu wakaamini kifaru yuko hivyo. John Muafangejo (1943–1987), aliyezaliwa Angola na kuishi Namibia, alichonga linoleamu akajaza maneno na watu, nyeusi juu ya nyeupe, na kazi yake ikavuka mipaka ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuivuka kwa urahisi. Hapa Nairobi, Peterson Kamwathi alianza kutambulika kwa chapa za ubao, na Dennis Muraguri amezichonga matatu za jiji kwa ukubwa ambao unakufanya utafute utingo.

Chapa ni sanaa ya mtu asiye na pesa nyingi na mwenye watu wengi wa kuwafikia. Mchoro mmoja wa rangi ya mafuta humfaa mnunuzi mmoja. Chapa kumi na mbili hugawanywa: moja ya shule, moja ya mama, mbili za kuuza, nyingine kupelekwa Isiolo mjini. Kijana anayeambiwa akiwa na miaka kumi na sita kwamba hiyo si sanaa ataiacha, na pale alipo hakuna karakana nyingine ya kumrudisha.

Lakini haki hiyo ya kuitwa asilia ina sharti, nalo ni hesabu ya kweli. Msanii hutangaza atatoa chapa ngapi, akazihesabu, kisha anauharibu ubao kwa mkwaruzo mmoja ili asishawishike kutoa nyingine. Chini ya kila picha anaandika kwa penseli: upande wa kushoto namba, katikati jina la kazi, upande wa kulia sahihi. Karatasi za majaribio anazozitoa kabla hajaridhika haziingii kwenye hesabu. Huandikwa 'jaribio la msanii'. Mnunuzi hana njia ya kuhakikisha haya. Anategemea uaminifu wa mtu aliyebaki peke yake na ubao wake usiku.

Namba yenyewe inawasumbua watu. Ukiona 3/20 usiisome 'tatu juu ya ishirini', kama sehemu za hesabu za shule ya msingi. Isome 'ya tatu kati ya ishirini'. Wala ya tatu si bora wala duni kuliko ya kumi na tisa, ingawa kwenye bamba laini la shaba zile za mwanzo huwa kali zaidi kwa kuwa mifereji huchakaa.

Mwisho, upatanisho wa kisarufi, ambao mwalimu aliuulizia kwenye tanbihi ya barua yake. Chapa iko katika ngeli ya I-ZI: chapa hii imekauka, chapa hizi zimekauka. Umoja na wingi wake havitofautiani kwa umbo, kwa hivyo akiandika 'Chapa ya ngamia' kwenye lebo ya maonyesho hakuna atakayejua kama ni moja au ni kumi na mbili. Aandike: 'Ngamia. Chapa ya ubao, wino mweusi kwenye karatasi. 4/12.'